Yadi 100

Sinema zimetudanganya sana kuhusu bunduki. Jamaa anainua, anafumba jicho moja, tu! Adui chini. Hakuna anayekuonyesha kwamba risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka kwenye mtutu. Inaanguka kama jiwe uliloliachilia mkononi, ila kwa kuwa wakati huohuo inakimbia mbele zaidi ya mita 800 kwa sekunde, macho hayawahi kuliona hilo. Darubini nayo imekaa juu ya mtutu, kama sentimita 4 hivi, na unapochungulia, jicho lako linakwenda limenyooka kama uzi. Kwa hiyo una njia mbili: ya jicho, iliyonyooka, na ya risasi, iliyopinda. Mwenye bunduki ndiye huamua zikutane wapi. Umbali huo wa kukutana, ambapo ukilenga hapa unapiga hapahapa, ndio nitakaouita umbali wa sifuri.

Najua wewe unayesoma haya ukiwa ndani ya matatu ya Rongai huenda usishike bunduki maisha yako yote, na Mungu akuepushe. Mimi mwenyewe sikutarajia. Lakini nilipolazimika kuchagua umbali wa sifuri wa bunduki yangu, nilikuwa pia nachagua ni mnyama yupi nitampiga na ni yupi nitamwacha aende zake. Na katika familia yetu hilo si jambo dogo.

Naishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Nilikuja kwa dada yangu nikasomea unesi, kama Wakenya wengi wa huku. Ukizunguka Brooklyn Park siku ya Jumamosi utasikia Ekegusii dukani, utasikia Kikuyu kwenye maegesho, na unga wa ugali hautautafuta. Kilichonishangaza ni Novemba. Mwezi huo wanaume na wanawake ninaofanya nao kazi, watu wapole kabisa, wanaomba likizo, wanavaa makoti ya rangi ya chungwa inayoumiza macho, kisha wanapotelea msituni. Wanarudi na nyama ya kujaza friza. Shemeji yangu, dereva wa malori, alialikwa na wenzake wa kazini mwaka mmoja, na tangu siku hiyo dada hajanunua nyama ya kusaga dukani.

Mnyama mwenyewe, kwanza. Kiingereza kina jina lake. Kiswahili cha mtaani hakina, kwa sababu Afrika kusini ya Sahara hana asili. Watu humwita swala au paa, lakini siye. Swala wetu ana pembe za kudumu. Huyu dume wake huota pembe zenye matawi kila mwaka na kuzidondosha kila mwaka, kama mti unavyopukutisha majani. Waliotafsiri Biblia walimwita ayala. Fungua Zaburi ya 42 utamkuta pale anatafuta maji. Mimi nimelichukua jina hilo. Ayala wa mkia mweupe. Wapo wengi mno huku. Wanakula mahindi shambani, wanavuka barabara usiku na kubomoa magari. Jimbo linauza leseni, linapanga kila eneo litoe wangapi, na kila anayeuawa lazima asajiliwe. Mtu aliyezaliwa baada ya mwaka 1979 kwa kawaida hapati leseni ya kutumia bunduki bila kwanza kuhitimu mafunzo ya usalama wa silaha. Nilihitimu. Nikanunua bunduki, ya risasi aina ya .308.

Shemeji alinipeleka uwanja wa shabaha mwezi wa Septemba. Ukifika unavaa miwani na vizuizi vya masikio, kisha unailaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga ili kutetemeka kwa mikono yako kusiharibu hesabu. Unaanza yadi 25, kwa sababu karibu hivyo hata bunduki iliyopotoka itagusa karatasi. Ukishajua inapopiga, unahamia yadi 100, ambazo ni mita 91, goli hadi goli kasoro hatua chache. Unapiga 3, maana 1 inaweza kuwa bahati tu. Unatafuta katikati ya matundu yale 3, unapima kwa rula umekosa kwa kiasi gani, kisha unazungusha vifundo viwili vya darubini, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Kila kifundo kinapolia tik, risasi inahama robo inchi kwenye yadi 100. Kwenye yadi 25 utahitaji tik 4 kupata mwendo huohuo. Kisha unangoja mtutu upoe, kwa sababu mtutu wenye moto unaweza kuitupa risasi pembeni, na msituni risasi yako ya kwanza itatoka kwenye mtutu wa baridi. Na risasi utakazowinda nazo ndizo unazozitumia hapo. Ukibadilisha aina, unarudi kuanza upya.

Niliipenda kazi hiyo. Mimi ni nesi. Maisha yangu ni kusoma vipimo na kuuliza kama kifaa kinasema ukweli. Shida ilikuja pale karatasi ilipokuwa nzuri, matundu 3 yamekaa pamoja kiasi kwamba ungeyafunika na kifuniko cha soda.

“Haya, sasa ipandishe,” shemeji akasema. “Weka 200.”

“Kwa nini?”

“Shem, ukiiacha 100 umejifunga miguu. Kila mtu huku anaweka 200.”

Si kweli kwamba ni kila mtu, lakini hoja yake si ya kijinga, na nitakupa hesabu zake kama alivyonipa. Chukua risasi ya kawaida ya .308, yenye uzito wa karibu gramu 10. Ukiiweka sifuri kwenye yadi 100, ikifika 200 itakuwa imeshuka kama inchi 4, na kwenye 300 imeshuka inchi 14. Ukiiweka sifuri kwenye 200, kwenye yadi 100 itapita juu ya shabaha kwa inchi 2 hivi, kwenye 200 itagonga palepale, na kwenye 300 itashuka inchi 8 au 9. Moyo na mapafu ya ayala vinakaa kwenye duara lenye upana wa takriban inchi 8. Lenga katikati ya duara hilo, na kosa lolote la chini ya inchi 4, juu au chini, bado linaua haraka. Kwa hiyo mwenye 200 analenga katikati bila kufikiria, kuanzia puani mwake hadi yadi 250. “Huhitaji hesabu msituni,” shemeji akasema. “Unalenga, unapiga, unakula.”

Nilikwenda nyumbani na kalamu. Mwenye sifuri ya 100 naye, akilenga katikati bila kufikiria, yuko ndani ya inchi 4 hadi yadi 200. Yaani ubishi wetu wote, pamoja na wa wale wazee wa uwanjani waliokuwa wameanza kutupa maoni yao bila kuombwa, ulikuwa ni wa yadi 50.

Halafu kuna mikono. Zile hesabu ni za bunduki iliyolala juu ya mifuko ya mchanga. Nilipojaribu kupiga nimekaa, bila egemeo, matundu yangu kwenye yadi 100 yalisambaa inchi 6. Kosa la mkono ni la pembe, na pembe hufunguka kadiri unavyokwenda mbali: inchi 6 za yadi 100 ni inchi 12 za yadi 200. Duara la ayala bado ni inchi 8. Na risasi huchukua karibu robo ya sekunde kufika yadi 200, muda wa kumtosha mnyama kuanza hatua. Darubini inaweza kupangwa kwa umbali wowote unaotaka, lakini haijui chochote kuhusu mapigo ya moyo wako.

Mtu niliyetaka kumuuliza alikuwa Voi, na ndiye niliyeogopa kumwambia.

Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori. Aliingia kazini miaka ya 1980, kabla KWS haijaundwa, wakati majangili walikuwa wanawamaliza ndovu wa Tsavo. Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwa baba hiyo haikuwa sheria tu, ilikuwa mshahara wetu, karo yetu, na sababu ya mama kukesha. Amewahi kumkamata jirani yetu na nyama ya paa ndani ya ndoo. Jirani alifungwa, na kwa miaka mama alikuwa anapita njia ya mbali kwenda kisimani ili asikutane na mke wake. Sasa mimi binti yake, niliyesomeshwa na kazi hiyo, nimpigie nimwambie nimenunua bunduki ya kuulia wanyama?

Nilimpigia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama.” Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Nilimweleza yote bila kupumua: leseni, mafunzo, idadi ya ayala, magari yanayobomolewa. Aliniacha nimalize. Kimya kikawa kirefu hadi nikaangalia simu kama bando imeisha.

“Bunduki gani?” akauliza.

“.308.”

“Hiyo ni ndugu ya G3.”

Ni kweli. G3 waliyobeba baada ya zile .303 kuukuu za Waingereza hutumia risasi ya milimita 7.62 kwa 51, ambayo kwa umbo ni karibu sawa na .308. Baba akanieleza kitu ambacho shemeji hakukijua: kwenye G3 hakuna darubini, kuna kigurudumu kidogo nyuma chenye namba 1 hadi 4, za mita 100 hadi 400. Adui akiwa mbali unakizungusha. Kila askari, alisema, alikuwa na namba anayoipenda.

“Wewe ulikuwa unaiweka ngapi?”

“Huko kwako ni msitu au ni wazi?”

“Msitu, baba.”

“Sasa unaniuliza nini?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. “Sikiza. Mimi nilikuwa nahitaji ile mita 300 kwa sababu mtu wa upande ule naye alikuwa na bunduki, na nikimsubiri asogee ataniua. Huyo mnyama wako hana bunduki. Huna haraka naye. Asiposogea, si basi?” Kisha akanisimulia kuhusu nyati aliyepigwa mshale na watu wasiomfuata. Walimfuata wao, siku mbili, yeye na wenzake watatu, kwa sababu nyati mwenye kidonda huua wachunga mbuzi. Walipomkuta, paja lilikuwa limeoza na bado anatembea. “Ukimjeruhi, utamfuata. Usiku utamfuata, mvua utamfuata. Kwa hiyo mpige pale ambapo hutakuwa na kazi ya kumfuata.”

“Kwa hiyo si vibaya?”

“Sijasema si vibaya. Nimesema kama utapiga.”

Niliiacha bunduki kwenye yadi 100.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi ya kwanza ya baridi kali. Ulingo wangu ulikuwa juu ya mti, kama ule wa kuamia ndege shambani, ila huu ni wa chuma na unajifunga mkanda usije ukalala ukaanguka. Mchana nilikuwa nimepima kwa kifaa cha leza kila mti niliouona. Mbali kabisa nilikoweza kuona katikati ya miti ilikuwa yadi 90. Upande mmoja tu ulikuwa wazi: msitu umekatwa ili nguzo za stima zipite, njia pana yenye nyasi inayokwenda mbele kama barabara ya kiwanja cha ndege. Shemeji alichagua ulingo unaoiangalia njia hiyo. Ndiyo iliyomfanya apende 200.

Jioni ya siku ya kwanza nilisikia mlio wake. Mmoja tu. Nilingoja, kisha simu ikatetemeka: njoo na tochi.

Alikuwa amempiga jike aliyekuwa anavuka njia ya stima. Alikadiria yuko yadi 200. Tulipopima kwa leza yangu tukapata 274. Kwa umbali huo risasi yake ilikuwa imeshuka inchi 5 au 6, chini ya moyo, kwenye kifua na pengine mguu. Tuliona nywele nyeupe za tumboni na damu kidogo yenye rangi ya kung'aa. Tuliziacha bunduki garini tukafuata damu hiyo kwa tochi, jani kwa jani, hadi saa sita za usiku, vidole vimekufa ganzi, hadi tukaipoteza kwenye kinamasi kilichoganda. Tulirudi alfajiri. Koyote walikuwa wametutangulia. Walikuwa wamebakisha mbavu, ngozi na kichwa.

Shemeji alivua kofia akasimama. Nami sikuwa na la kumwambia. Sitasema hapa kwamba ile 200 ndiyo iliyomponza, kwa sababu bunduki ilifanya kile hasa ilichoagizwa. Mwenye sifuri ya 100 angepiga kutoka pale angekosea zaidi. Lakini nadhani ile namba ilikuwa imemwambia kwamba njia yote ya stima ni yake. Ukishajipangia umbali, macho yako huanza kutafuta wanyama wa kuujaza.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu kwenye ulingo ule, kwa kuwa yeye alirudi kazini. Saa kumi na nusu jioni dume alitoka msituni, pembe zake zina matawi 8, akasimama ubavu nyasini. Leza ikasema 191. Hesabu nilikuwa nazo kichwani: inchi 4 chini, nilenge juu kidogo, robo ya sekunde. Kwenye karatasi inawezekana. Nilimtazama kwa darubini hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Alikula, akatikisa sikio, akanya, akaingia msituni upande wa pili. Nilimsimulia shemeji usiku ule. “Matawi 8,” akasema taratibu, kama mtu anayetaja jina la marehemu. Kisha: “Mimi ningepiga.” Najua angepiga. Na huenda angempata.

Jumamosi iliyofuata nilirudi ulingoni kwangu, ndani ya miti. Jike alikuja saa mbili asubuhi, na kibali changu kiliruhusu jike. Nilimsikia kabla sijamwona. Nilimngoja apite nyuma ya miti miwili, atokee kwenye pengo nililolipima, asimame. Bunduki ilikuwa imeegemea reli ya ulingo. Sikukumbuka yadi wala inchi. Nilikumbuka tu kubana triga polepole. Alikimbia kama hatua 30 akalala. Nilikaa nusu saa bila kushuka, kama nilivyofundishwa, na pia kwa sababu magoti yalikuwa yanagongana.

Shemeji bado yuko 200. Tumebishana tena, tutabishana mwakani. Ila amenunua leza yake mwenyewe, na ulingo wa njia ya stima amemwachia mtu mwingine.

Nilimpigia baba jioni ile, kwa video, dada akiwa nyuma yangu anakaanga ini na kitunguu. Hakuniuliza ukubwa wa mnyama. Aliniuliza alikuwa hatua ngapi.

“Hatua 63,” nikamwambia. “Nilizihesabu nikimwendea.”

“Alihangaika?”

“Kidogo, baba.”

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia mbuzi, na redio ya mtu. “Kidogo,” akarudia. Kisha akaniambia nimgeuzie simu aone hilo ini, na akamuuliza dada mbona anaweka kitunguu kingi hivyo.